Viti maalum kwa kata au kwa kura? Kisa cha baraza la madiwani Kigoma Ujiji

Swali lilizuka kijiweni Ujiji, kwenye kahawa. Vijana walikuwa wanabishana chama kipi kina watu wengi mjini, mzee mmoja akawakatisha: "Achaneni na nani kashinda. Mimi nataka kujua, wale waliokaa kwenye baraza la madiwani ni sisi kweli, au ni kipande tu cha sisi?" Kijana aliyekuwa na simu mkononi akamjibu kwa adabu, "Mzee wangu, hilo kila mtu ataliona kivyake. Halina kipimo."

Lina kipimo, tena zaidi ya kimoja. Nafundisha takwimu, na nimeona mara nyingi watu wakigombana kwa saa nzima juu ya jambo ambalo kikokotoo cha simu kingelimaliza kwa dakika kumi. Kisa ninachokichambua hapa ni hicho cha mzee: je, baraza la Manispaa ya Kigoma Ujiji, kwa jinsi linavyoundwa kisheria, linaweza kuwa sura ya watu wa mji? Pale ninapotumia matokeo ya kura ya mfano nitasema wazi kwamba ni ya mfano. Ninachotaka kionekane ni jinsi mashine inavyofanya kazi, bila kujali ni chama gani kimekaa kwenye usukani.

Baraza lenyewe

Manispaa ina kata 19. Ziko za kando ya ziwa kama Kibirizi na Bangwe, ziko Mwanga Kaskazini na Mwanga Kusini, Gungu, Katubuka, Buhanda, hadi Kitongoni, Kasingirima na Rusimbi za Ujiji. Kila kata inachagua diwani mmoja, na mwenye kura nyingi ndiye anayechukua, hata kama hakufika nusu. Juu ya hao wanaongezwa madiwani wanawake wa viti maalum, wasiopungua theluthi moja ya madiwani wa kata na wabunge wa majimbo yaliyomo. Kigoma Mjini ni jimbo moja, kwa hiyo 19 na 1 ni 20, theluthi yake ni 6.67, unapata 7. Mbunge wa jimbo naye ni mjumbe. Jumla 27. (Mbunge wa viti maalum anaweza kuongezeka, nimemwacha pembeni ili hesabu isijae matawi.)

Hawa 27 ndio wanaopitisha bajeti, ndio wanaojaza Kamati ya Fedha na Uongozi, ile ya Uchumi, Afya na Elimu na ile ya Mipango Miji na Mazingira, na ndio wanaomchagua meya kutoka miongoni mwao. Mwananchi hampigii kura meya. Ndiyo maana mgawanyo wa viti ndani ya baraza si suala la heshima za vyama tu. Ndio unaoamua nani atakaa kwenye kiti cha meya.

Uzito wa kata

Kipimo cha kwanza ni rahisi kuliko vyote, na cha ajabu ni kwamba ndicho kinachosahaulika sana. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 232,388 katika manispaa hii. Ile ya 2012 ilikuwa imehesabu 215,458. Ukigawa 232,388 kwa 19, wastani ni watu 12,231 kwa diwani mmoja wa kata. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa idadi ya watu kwa kila kata. Chukua idadi ya kata, toa 12,231, kilichobaki gawa kwa 12,231 kisha zidisha kwa 100. Kata yenye watu 18,000 itakuwa imezidi wastani kwa asilimia 47. Yenye watu 6,000 itakuwa imepungua kwa asilimia 51. Mkazi wa hii ya pili ana sauti mara tatu ya mwenzake kwenye baraza lilelile, na wote wawili wanalipa ushuru wa soko uleule.

Kipimo cha pili cha jambo hilohilo nakipenda zaidi kwa sababu hakidanganyiki kirahisi. Panga kata zote kuanzia yenye watu wachache kwenda yenye watu wengi. Jumlisha watu wa kata 10 za mwanzo, maana 10 kati ya 19 ndio wengi. Kata zingekuwa sawa kabisa, hao wangekuwa asilimia 53 hivi ya watu wote. Ukikuta ni asilimia 40, ina maana asilimia 40 ya wakazi inatosha kuchagua wengi wa madiwani wa kata. Ukikuta 30, kaa chini ufikirie.

Mfano uliokithiri uko Texas, Marekani. Kaunti ya Midland ilikuwa na maeneo manne, kila moja likichagua mjumbe wake. Eneo la mjini lilikuwa na watu 67,906. Mengine matatu, ya vijijini, yalikuwa na watu 852, 828 na 414. Jumla ni watu 70,000 kamili, na 2,094 kati yao, yaani asilimia 3, walichagua wajumbe watatu kati ya wanne. Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani ilisema mwaka 1968 kwamba kanuni ya mtu mmoja kura moja inazibana serikali za mitaa pia, na si mabunge peke yake. Baadaye mahakama za huko zikazoea kwamba tofauti kati ya eneo kubwa na dogo ikizidi asilimia 10, mamlaka husika ndiyo inayotakiwa kujieleza.

Sishauri tuichukue hiyo asilimia 10 kama ilivyo. Kata zetu hazikuchorwa kwa idadi ya watu peke yake. Ukubwa wa eneo, jiografia na makazi ya zamani vinaingia. Lakini kujieleza kunatuhusu. Kata ikizidi wastani kwa nusu, anayepanga mipaka awe na sababu anayoweza kuisema mbele ya watu.

Kuna anayeuliza kama tuhesabu watu wote au wapiga kura tu. Karibu nusu ya Watanzania hawajafika miaka 18. Texas nako waliuliza hivyohivyo, na mwaka 2016 mahakama ikakubali kwamba kuhesabu watu wote ni sawa. Naungana nao. Mtoto wa Gungu hapigi kura, lakini diwani ndiye anayepaswa kuhangaikia dawati lake na zahanati anakopelekwa kliniki.

Wanawake wawili kati ya kumi na tisa

Hapa ndipo maneno ya mama mmoja anayeanika dagaa Kibirizi yanapoingia. Alikuwa anazigeuza kwenye chanja huku anaongea, bila kuinua kichwa: "Diwani wa kata ni mwanaume, namjua. Yule dada wa viti maalum nasikia yupo, ila sijui ni wa kwangu au wa nani." Katika maneno hayo kuna maswali mawili, na kila moja lina hesabu yake.

Swali la kwanza: kwa nini wanawake ni wachache kwenye kata? Katika chaguzi za karibuni, nchi nzima, wanawake wamekuwa chini ya asilimia 10 ya madiwani wa kata. Tuchukue mfano wa baraza lenye wanawake 2 kati ya madiwani 19 wa kata. Tuseme mwanamke na mwanaume wangekuwa na nafasi sawa kabisa, kila kata kama sarafu inayorushwa. Uwezekano wa kupata wanawake wawili au pungufu ni 191 kugawanya kwa 524,288, yaani mara moja katika mara 2,700 hivi. Mtu akikuambia "ni bahati tu, safari hii hawakujitokeza washindi wanawake", hesabu hiyo inamkatalia.

Hapo wengi huishia, na hapo ndipo takwimu zinapotumiwa vibaya. Hesabu hiyo imesema kizuizi kipo. Haijasema kiko wapi. Ongeza namba moja: wagombea. Tuseme kata zote 19 zilikuwa na wagombea 60 na wanawake kati yao ni 8, yaani asilimia 13. Sasa rudia hesabu, lakini badala ya nafasi ya nusu kwa nusu tumia asilimia 13. Uwezekano wa kupata wanawake wawili au pungufu unaruka hadi asilimia 53 hivi. Maana yake mbele ya sanduku la kura hakuna la ajabu lililotokea: wapiga kura waliwachagua wanawake kwa kadiri walivyoletewa. Kizuizi kiko nyuma, kwenye kura za maoni na vikao vya uteuzi ndani ya vyama. Na kwa kuwa sheria yetu hairuhusu mgombea binafsi, mwanamke aliyekatwa kwenye chama chake hana mlango mwingine wa kupitia.

Kwa hiyo anayetaka kupima haki ya wanawake Kigoma asihesabu madiwani tu. Ahesabu waliochukua fomu ndani ya vyama, waliopitishwa, na walioshinda. Hatua tatu, namba tatu, na pale namba inapoporomoka ndipo pa kuuliza.

Wenzetu wa Marekani wana njia nyingine ya kupima kundi, na wapo wanaotaka kuiiga hapa. Mji wa Yakima, jimbo la Washington, ulikuwa na baraza la watu saba na utaratibu ambao hatua ya mwisho ya kura ilikuwa ya mji mzima. Walatino, yaani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, walikuwa takriban asilimia 41 ya wakazi, na tangu utaratibu huo uanze mwaka 1976 hakuna Mlatino hata mmoja aliyewahi kuchaguliwa. Kesi ikaenda mahakamani. Wataalamu walichukua matokeo ya kituo kwa kituo, wakalinganisha vituo vyenye Walatino wengi na vyenye wachache, wakaonyesha kwamba makundi mawili yanapiga kura kwa pande tofauti na kundi kubwa humeza dogo kila mara. Mwaka 2014 hakimu akaamua mji ugawanywe, kila eneo lichague mtu wake. Uchaguzi wa 2015 ukaingiza wanawake watatu wa Kilatino kwa mpigo.

Njia ile inafanya kazi pale kundi linapokaa pamoja mtaani. Kwa wanawake haifai hata kidogo, kwa sababu hakuna kituo cha kura cha wanawake: mume na mke wanatoka nyumba moja wanapanga foleni moja. Kwa makabila hatuna takwimu, maana sensa yetu ya mwisho kuuliza kabila ilikuwa ya 1967, na mimi sitamani swali hilo lirudi. Mji huu ni wa Waha, Wamanyema, Wabembe na watu waliovuka ziwa vizazi vingi nyuma, wameoleana hadi huwezi kuwatenganisha, na hilo ni jambo jema. Pale njia ile inapoweza kutufaa ni kwa makundi yanayokaa eneo moja, kama wavuvi wa mialoni au wakazi wa mitaa mipya isiyo na maji ya bomba. Hao unaweza kuwaona kwenye matokeo ya vituo.

Viti saba

Swali la pili la mama wa Kibirizi ndilo kiini cha kisa hiki. Dada wa viti maalum ni wa nani?

Viti maalum vya Bunge na viti maalum vya udiwani vina jina moja, lakini vinagawanywa kwa kanuni mbili tofauti. Kwa Bunge, Katiba inasema chama kilichopata angalau asilimia 5 ya kura halali za ubunge nchi nzima kinapata viti kwa uwiano wa kura zake. Kwa baraza la madiwani, vinagawanywa kwa uwiano wa kata ambazo chama kimeshinda katika halmashauri hiyo. Bungeni kura, kwenye baraza kata. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini ndiyo inayobadilisha sura ya baraza.

Tufanye hesabu. Namba zifuatazo ni za darasani, si matokeo ya uchaguzi wowote. Chama A kimepata asilimia 52 ya kura zote za udiwani manispaa nzima, B asilimia 41, C asilimia 7. Kwa kata, A imeshinda 15, B imeshinda 4, C hakuna. Si mfano wa ajabu. Chama kilichoongoza kidogo kila mahali huvuna hivyo.

Kipimo kinachotumiwa sana kwa kazi hii ni cha Michael Gallagher, mwanazuoni wa Dublin aliyekitoa mwaka 1991. Kwa kila chama, toa asilimia ya kura kutoka asilimia ya viti. Tofauti hiyo ipandishe kipeo cha pili. Jumlisha za vyama vyote, gawa kwa 2, tafuta kipeuo cha pili. Sifuri maana yake viti vimefuata kura sawasawa. Afrika Kusini, yenye orodha za uwiano, hukaribia sifuri. Kadiri namba inavyopanda, ndivyo viti vilivyoachana na kura.

Kwa kata 19 za mfano wetu: A ina asilimia 78.9 ya viti kwa kura 52, B ina 21.1 kwa kura 41, C sifuri kwa 7. Kipimo kinatoa 24.2. Kikubwa, lakini tusubiri.

Sasa gawa viti maalum 7 kwa kata. A inapata 6, B inapata 1. Kabla ya kumhesabu mbunge, A ina 21 na B ina 5 kati ya 26. Kipimo kinapanda hadi 26.0.

Rudi nyuma, gawa viti hivyohivyo 7 kwa kura, kama Bunge linavyofanya. A inapata 4, B inapata 3, C haifikishi kiti. A inakuwa na 19, B ina 7. Kipimo kinashuka hadi 18.6.

Idadi ya wanawake barazani haijabadilika. Gharama haijabadilika. A bado ina wengi wa wazi, kama ilivyostahili. Kilichobadilika ni kwamba njia moja imeongeza upotofu na nyingine imeupunguza. Tumeweka mizani iliyokwisha kuelemea upande mmoja, kisha jiwe la kusawazisha tumeliweka upande uleule.

Hili si la kubuni tu. Nchi yetu imeshalipitia. Katika uchaguzi wa Bunge wa 1995, wa kwanza wa vyama vingi baada ya mfumo wa chama kimoja, CCM ilipata takriban asilimia 59 ya kura na majimbo 186 kati ya 232. NCCR-Mageuzi ilipata karibu asilimia 22 ya kura na majimbo 16. CUF, kwa asilimia 5 tu ya kura, ilipata majimbo 24, kwa sababu kura zake zilikusanyika Zanzibar kwenye majimbo madogo, wakati za NCCR zilisambaa bara nzima. Ukiweka namba hizo kwenye kipimo cha Gallagher unapata takriban 19. Kisha vikaja viti maalum 37 vya wanawake, navyo wakati huo vilifuata majimbo: CCM 28, CUF 4, NCCR-Mageuzi 3, Chadema 1, UDP 1. Kwa kura, NCCR peke yake ingestahili takriban 8. Katiba ikabadilishwa baadaye, Bunge likahamia kwenye kura. Mabaraza ya madiwani yakaachwa nyuma na kanuni ya zamani, na sijaona sababu yoyote ya kitakwimu ya kuyaacha.

Kitu kimoja lazima nikiseme hapa, kwa sababu wenye hasira wanakiruka. Kata 15 kwa 4 peke yake haithibitishi kwamba kuna aliyechora mipaka kwa hila. Mfumo wa mshindi mmoja kwa kata humpa aliyeongoza ziada hata pale kila kitu kinapokwenda kwa haki. Wanatakwimu Kendall na Stuart waliandika mwaka 1950 juu ya kanuni ya kukadiria ziada hiyo: chukua uwiano wa kura wa vyama viwili vikubwa, upandishe kipeo cha tatu, unapata uwiano wa viti. 52 kwa 41 ni 1.27, kipeo cha tatu ni 2.04, A ilitarajiwa kupata kata 12 au 13. Imepata 15. Na kwa kata 19 tu, kupishana kwa kata mbili juu au chini ni jambo la kawaida, mkengeuko sanifu wenyewe, yaani kiasi ambacho matokeo hupishana kwa bahati tu, ni kama 2. Hakimu mwenye busara asingemhukumu mtu kwa ushahidi huo. Mwenye kudai mipaka imechorwa kwa hila alete hesabu ya chaguzi kadhaa, pamoja na idadi za watu wa kata nilizozieleza juu.

Lakini viti saba havina bahati ndani yake. Hakuna jiografia, hakuna mtu aliyesahau kujiandikisha, hakuna mvua siku ya kura. Ni kanuni iliyoandikwa na watu, inatoa jibu lilelile kila mara, na jibu lenyewe ni kumwongezea aliyekwisha kuongezewa.

Na wala haina chama. Mwaka 2015 ACT-Wazalendo ndiyo iliyochukua baraza la Kigoma Ujiji. Mwaka 2020 likarudi CCM. Kanuni ile iliwatumikia wote wawili kwa zamu, ikimzidishia yule aliyekuwa juu. Ndiyo maana ningependa ijadiliwe sasa, na watu wa pande zote mbili, kwa sababu wote wana kumbukumbu ya kukaa upande wa kupunjwa.

Pale meya anapoamuliwa

Kwenye 15 kwa 4 mtu anaweza kusema, viti viwili vitabadilisha nini? Vitabadilisha kamati: madiwani 7 wanaweza kugawana kamati zote na bado wakawa na mtu wa kuuliza maswali ya fedha; 5 wanachoka. Ila mfano unaouma zaidi ni wa ushindani wa karibu.

Namba za darasani tena. A imepata asilimia 46 ya kura na kata 10. B imepata asilimia 50 na kata 9, kwa sababu ilishinda kata zake kwa kura nyingi mno na kupoteza nyingine kwa kura chache. C asilimia 4. Viti maalum kwa kata: A 4, B 3. Baraza ni 14 kwa 12, na meya ni wa A hata kama mbunge ni wa B. Chama kilichopata nusu ya kura za mji kimekaa pembeni, na viti maalum vimelithibitisha hilo. Kwa kura: A 3, B 4. Baraza ni 13 kwa 13, na mbunge wa jimbo, aliyechaguliwa na mji mzima, ndiye anayeamua.

Sisemi ya pili ni kamilifu. Nasema mwananchi aliyeulizwa ni ipi kati ya hizo mbili inayofuata alichokiandika kwenye karatasi ya kura hatapata shida kujibu.

Vikwazo vya hesabu

Vipo viwili. Cha kwanza ni kata za kupita bila kupingwa, ambazo mwaka 2020 zilikuwa mamia nchini. Kata isiyo na upinzani haina kura za kuhesabu, na ukiiandika asilimia 100 kwa mshindi umeharibu jumla ya mji. Njia ya heshima ni kutumia kura za ubunge za vituo vya kata hiyohiyo kukadiria, kisha kuandika waziwazi kwamba hapo umekadiria, na kufanya hesabu mara mbili, ukiwa nazo na ukiwa umeziacha. Kama jibu halibadiliki, endelea. Likibadilika, sema.

Cha pili ni ubora wa kura zenyewe. Vipimo hivi vinaanza pale kura zilipokwisha kuhesabiwa kwa haki. Mgombea aliyeenguliwa kwa kosa la fomu haonekani kwenye kipimo cha Gallagher, na wakala aliyezuiwa kituoni haonekani. Ni makosa kutumia namba safi kufunika mchakato mchafu, na ningemwomba yeyote atakayezitumia hesabu hizi asizitenganishe na taarifa za waangalizi.

Kuna hoja nyingine ninayoisikia, kwamba diwani akishachaguliwa ni wa wote, chama kinabaki mlangoni. Ningependa iwe hivyo. Kwa mambo mengi ya kata ni kweli: mfereji ukiziba Mwanga hauulizi kadi ya mtu. Lakini uchaguzi wa meya hufuata chama, uteuzi wa viti maalum hufanywa na chama, na mama wa Kibirizi hajui dada yule ni wa nani kwa sababu aliingia barazani kwa hesabu ya kata ambazo yeye hakuzipigia kura. Ukigawa kwa kura, angalau kura yake ya udiwani, hata kama mgombea wake wa kata alishindwa, itakuwa imehesabiwa mahali fulani.

Baraza la manispaa haliwezi kuibadilisha kanuni hii lenyewe. Iko kwenye sheria za uchaguzi na serikali za mitaa, na mwaka 2024 Bunge lilitunga Sheria mpya ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani, kwa hiyo tunajua mlango uko wapi na kwamba hufunguka. Kinachoweza kuanzia hapa Kigoma ni kazi ya mikono: kukusanya matokeo ya udiwani ya vituo vyote vya kata 19 kutoka fomu namba 21C zinazobandikwa nje ya vituo, kuyajumlisha kwa chama, na kuweka safu mbili kando kwa kando, viti saba kwa kata na viti saba kwa kura. Karatasi hiyo ipelekwe kwa mbunge wa jimbo na kwa kila chama chenye diwani, na iwekwe pia kwenye ubao wa matangazo wa manispaa ambapo mtu yeyote anaweza kuisoma na kuikosoa.